Mlango Uliouacha Koboko

Mzee wangu Swaibu,

Sijui nianze na salamu au nianze na ugomvi. Salamu za watu huuliza hali, na hali yako siwezi kuiuliza. Basi acha nianze na ugomvi, wewe mwenyewe ulisema nina mdomo. Kwa nini hukuniambia?

Nimekaa kwenye benchi letu. Usishtuke, sijakalia upande wako. Niko upande wangu wa siku zote, karibu na dirisha. Ni saa tisa alasiri, mvua inapiga mabati ya Arua nzima na umeme umekwenda, kwa hiyo mashine za mtaa wa mbao zote zimenyamaza. Kila anayechungulia ananiuliza naandika nini, namwambia naandika orodha ya mbao za kwenda kutafuta Manibe. Wananiamini. Nani atafikiri kwamba Poni, mwanamke mzima mwenye akili zake, anamwandikia barua mtu aliyezikwa miezi miwili iliyopita?

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo sheria yako. Kiarabu changu cha Juba na Kinubi chako vinasikizana bila shida, tungeweza kuongea hivyo miaka yote tisa. Lakini wewe ulisema Kiarabu ni cha nyumbani na Kiswahili ni cha kazi, maana baba yako alikuja nacho kutoka jeshini na ndicho alichokufundishia kushika randa. Changu mimi nilikipata kambini Kenya, kwa walimu wenye fimbo, na wewe ulikicheka mpaka mwisho. "Poni nasema kama redio," uliwaambia wateja. Haya, redio inaongea. Sikiliza.

Habari za hapa kwanza. Mama Halima yumo ndani, anakaa eda yako, na bado ana zaidi ya miezi miwili kabla ya kutoka nje. Anakula kidogo. Mbuzi wako mkorofi amezaa mapacha na sasa ana watoto wawili wakorofi. Fundi Amisi wa kibanda cha pili ndiye mkubwa wa mtaa siku hizi. Hakuna aliyemchagua, aliamka tu akiwa mkubwa. Mimi nalala kulekule Mvara, naamka saa zilezile, nafika hapa kabla ya watu, na bado naweka maji ya chai ya watu wawili. Nimejikemea mara nyingi. Kesho yake naweka tena.

Kuna jambo moja hakuna aliyeniambia, na wewe ndiye peke yako mwenye jibu. Siku uliyofariki mafundi wote walikimbilia nyumbani kwako, nikabaki hapa peke yangu kama mlinzi. Halafu wakaja wanaume wawili wakisema zinatakiwa mbao za kukufunika kaburini, haraka, maana unazikwa kabla ya alasiri. Nilikata mvule ule uliouweka kwa kabati la mwalimu. Nilipima mara tatu, nikakata, nikapiga msasa pembe zote, ingawa yule mwanamume mmoja alisema mchanga hauna haja na msasa. Kwenu wanawake hawaendi kaburini, kwa hiyo niliwakabidhi mbao mlangoni na sikukuona ukishuka. Zilitosha, Mzee? Niliogopa kumuuliza mtu, nikaogopa zaidi wasije wakanijibu.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe. Unajua vizuri desturi ya mtaa huu, wewe ndiye uliyekuwa unaisimamia kama polisi. Mwanafunzi hafunguliwi kwa maneno wala kwa karatasi. Anatengeneza mlango peke yake, anauning'iniza peke yake, halafu mwalimu wake anakuja mbele ya mafundi wote, anaufungua, anapita wa kwanza, na chai inanywewa. Akishapita, mwanafunzi amekuwa fundi. Kabla ya hapo, hata uwe na mvi, wewe ni mtu wa kushikilia mbao. Mimi nilishikilia mbao miaka tisa. Milango niliyotengeneza sasa inafungua na kufunga nyumba za Arua yote, lakini kila mara ulikuwa unatafuta sababu. Mara bawaba ile ni wewe uliyeikaza. Mara mbao ilikuwa bado mbichi. Mara Ramadhani imekaribia. Na mimi, mjinga, nilikuwa nasema ndiyo Mzee.

Halafu ikaja ile boti.

Hata leo nikisema watu wanadhani natania. Boti ya injini ya tajiri, yenye sebule na kitanda na jiko ndani, imekaa juu ya trela la lori pale Koboko, kwenye uwanja wa malori, mbali na maji yoyote yanayoweza kuibeba. Tajiri mmoja wa Juba ameinunua, lori likafika Koboko, karatasi za mpakani zikakwama, na boti ikabaki pale juu na mlinzi wake, mtu wa ziwani Entebbe ambaye watu wanamwita Kapteni. Koboko walikuja kuitazama kama harusi. Mama mmoja muuza maandazi aliuliza kama ni gharika ya Nuhu inarudi, maana wao hawajaambiwa kitu.

Kapteni alikupigia simu wewe. Mlango wa ndani, unaotenganisha sebule na chumba cha kulala, ule unaoteleza na kuingia ukutani, ulikuwa umekwama. Ulifunguka kiasi cha mkono tu kupita, basi. Kapteni analala kwenye kiti cha sebule kama abiria, na tajiri amekataa mlango usivunjwe kwa kuwa mbao zake zimefanana na mbao za boti nzima. Ulikwenda peke yako. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kwenda kazini bila mimi, na nilinuna siku nzima. Ulirudi kabla ya jua kuchwa, ukaketi, ukanywa maji, ukasema, "Mlango ile hapana yangu. Iko yako." Nikangoja uendelee. Hukuendelea. Ukachukua kofia yako ukaenda nyumbani mapema, wewe ambaye hujawahi kuondoka kabla ya vumbi la mbao kufagiwa. Siku ya tisa baadaye, asubuhi, ukaanguka ukitawadha.

Maneno yale nimeyageuza mpaka yamechakaa. Ulikuwa unanifungua? Au ulikuwa umechoka na kazi ya wendawazimu, ukanitupia? Ulisema ukitabasamu au sivyo? Nilikuwa nimeinama napiga gundi, sikukutazama usoni. Hilo linanikera kuliko yote, kwamba sikuinua kichwa.

Baada ya siku za msiba mafundi walikaa kuangalia kazi zako zilizobaki. Nikawaambia boti ya Koboko ni yangu, ulinipa. Amisi akauliza ulisema mbele ya nani. Nikasema mbele yangu. Wakatazamana. Amisi akasema kwamba mwanafunzi aliyefiwa na mwalimu kabla ya kufunguliwa hana jina, anahamia benchi la mwingine na kuanza upya, ndivyo ilivyo. Yeye ana nafasi. Nitashikilia mbao zake. Nilimwambia nitafikiri, na unajua nilichofikiri, sitakiandika kwenye barua ya marehemu. Mwishowe tukakubaliana hivi: niende Koboko, kwa sababu Kapteni alikuwa anapiga simu kila siku, halafu nikirudi niwaeleze kwa ukweli umeniachia nini. Wao wataamua kama ulinifungua au hapana.

Basi nilikwenda Koboko nikiwa na mambo mawili kichwani, mlango na jina langu, na ndiyo maana nikaharibu.

Unajua nilifanya nini? Nilitoa pimamaji. Cheka, una haki. Nilipanda ngazi ndefu, nikaingia ndani ya ile boti yenye zulia, nikavua viatu, nikaona mlango unaning'inia kwenye reli kwa magurudumu mawili madogo, na kitu cha kwanza mkono wangu ulichofanya ni kuweka pimamaji juu ya reli. Kiputo kikakimbia upande mmoja. Nikajisemea, ahaa, reli imelala. Nikafungua skrubu, nikaingiza vipande vyembamba vya mbao chini ya upande mmoja, nikapandisha, nikapandisha, mpaka kiputo kikakaa katikati kama sultani. Nikajisifu. Nikausukuma mlango. Ukasogea kidogo, ukalia, kona yake ya chini ikachimba sakafu na kuacha mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye mbao ya tajiri. Halafu ukakwama kabisa, hata mkono haupiti tena.

Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe. Hakunikemea. Alinieleza kwa upole, ambao ulikuwa mbaya zaidi, kwamba lori limeegeshwa mteremkoni, na trela limeinama, na boti imeinama juu ya trela, kwa hiyo pimamaji linaniambia habari za ardhi ya Koboko na siyo habari za boti. Majini boti inacheza mchana kutwa, akasema, na mlango haujui kitu kinachoitwa sawasawa. Unajua fremu yake tu. Mimi fundi wa nyumba, maisha yangu yote nyumba imekaa chini haiendi popote, nilikuwa nimekwenda kusawazisha mlango na dunia nzima. Nilitamani sakafu ile inimeze, lakini chini yake kulikuwa na tairi za lori.

Nikakaa kwenye kiti alichokuwa analalia. Akanipa chai. Akasema hata mzee wangu alikaa hapohapo muda mrefu, akanywa chai, hakusema mengi. Nikamuuliza alisema nini hasa. Kapteni akafikiri. Ulimwambia, "Mtoto yangu takuja."

Mtoto wako. Mzee, umenipa majina mengi. Redio. Biniya, yaani msichana. Yule Mjuba. Siku nilipokata mbao ya mahogani fupi uliniita jina la mnyama. Mtoto wako sikuwahi kulisikia, na nililisikia kutoka kwa mtu wa Entebbe mwenye kandambili. Nililia pale pale kwenye chai ya watu. Kapteni akatoka nje kwenda kukagua kamba ambazo hazikuwa na tatizo.

Nilipomaliza kulia nikaona nifungue ule ubao mwembamba wa ukutani juu ya reli, ambao sikuwa nimeugusa, niondoe ujinga wangu wote na nianze upya. Skrubu ya kwanza ikatoka laini kabisa. Nikaitazama. Ilikuwa na sabuni. Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayepaka skrubu sabuni ya kufulia kabla ya kuikaza, na wewe ulinipigia kelele miaka tisa kwa kuisahau. Nikageuza ule ubao, na upande wa nyuma ulikuwepo wewe, kwa penseli. Umechora fremu ya mlango. Umepiga mistari miwili kutoka kona hadi kona, kwa kamba yako ya mafundo bila shaka, na kwenye mmoja umeweka alama yako ya kuzidi. Chini umechora mshale unaoelekea sakafuni, na ukaupigia mstari.

Nikaelewa mara moja, kama mtu aliyeambiwa kwa mdomo. Fremu imepindika. Mstari mmoja mrefu kuliko mwingine, basi fremu siyo mstatili kamili tena, na tatizo haliko kwenye mlango wala reli, liko chini. Nikavaa viatu, nikashuka ngazi, nikaingia chini ya trela kwenye matope. Boti imekalia magogo sita. Gogo la nyuma upande wa kushoto ni la mti laini, mvua imelinywesha, limebonyea na kuhama, na ile kona ya boti inaning'inia hewani kwa unene wa vidole viwili. Boti nzima imejipinda kidogo. Kitu kidogo tu, macho hayaoni, lakini mlango umeona.

Tukaazima jeki za lori pale uwanjani. Kapteni upande mmoja, mimi mwingine, dereva wa lori akihesabu. Tukainua polepole nikaweka gogo la mvule. Tuliposhusha, ndani ya boti kitu kilitoa mlio mdogo. Nikapanda, nikaondoa vipande vyangu vyote, nikarudisha reli mahali pake pa zamani, nikausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda mpaka ndani ya ukuta. Nikaurudisha. Ukarudi. Ule mkwaruzo niliupiga msasa na nta mpaka Kapteni mwenyewe akautafuta asiuone, lakini mimi nauona hata nikifumba macho.

Na hapo sasa, Mzee, ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Ulikuwa umejua. Ulikaa mle ndani, ukapima, ukapata jibu lote, ukarudisha ubao, ukapaka skrubu sabuni, ukaondoka bila kumwambia Kapteni neno moja kuhusu gogo. Kazi ilikuwa imebaki nusu saa na jeki mbili. Nikasema moyoni, bila shaka hii ndiyo siku yangu. Amenichorea mtihani. Ameuacha mlango uliokwama ili mimi niufungue. Nilirudi Arua nimefurahi na nimejawa na kilio kwa pamoja, watu barabarani walidhani nimelewa.

Lakini kulikuwa na ile mistari. Wewe ulikuwa unapiga mstari wa penseli bila rula, na rula ikija inakubali. Mistari ya nyuma ya ule ubao ilikuwa inatetemeka. Nilijiambia ni boti, mtu akitembea inatikisika. Boti iliyokaa juu ya magogo, Mzee. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Nilikwenda kumwona Mama Halima siku ya pili yake. Nilimpelekea sukari na habari, nikamweleza kila kitu, skrubu na sabuni na mshale, nikingoja afurahi pamoja nami. Akajifunika vizuri kitambaa chake cheupe. Halafu akaniambia kwamba jioni ile uliyorudi kutoka Koboko uliingia ndani, ukaweka mkono wako wa kulia juu ya meza ya kulia chakula, ukautazama. Ukamwambia mkono umekataa. Bisibisi ulikuwa unaishika na inakutoka, ulichukua muda mrefu kurudisha skrubu nne, na ngazi ya kushuka ulishukia makalio kama mtoto ili Kapteni asikuone ukianguka. Ukalia. Ukamwapisha asiniambie. Alisema ulikuwa unaogopa nitakuacha na kwenda kwa Amisi.

Mimi. Niende kwa Amisi.

Sijui nimekasirika kiasi gani, na siwezi kumkasirikia vizuri mtu aliyekufa, anateleza. Siku tisa zilikuwepo! Tungekupeleka hospitali ya Kuluva, ningekubeba mgongoni, sikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako napiga gundi na kununa kwa sababu hukunichukua Koboko. Ulimimina chai kwa mkono wa kushoto wiki ile, sasa nakumbuka, nikadhani ni mikogo tu.

Basi niambie lile neno ulilolisema lilikuwa nini. "Iko yako." Ulikuwa unanipa, au ulikuwa unashindwa? Na kama ulikuwa unashindwa, "mtoto yangu takuja" ilikuwa nini? Kuna saa naona ni zawadi, halafu nafagia mpaka nafika upande wako wa benchi, naona ni aibu yako tu uliyoifunga vizuri. Nikafikiri labda ni vyote viwili. Hilo nalo halikunituliza.

Na mafundi walikuwa wanangoja. Ijumaa baada ya swala wangekuja, na mimi ndiye shahidi pekee. Ningeweza kuwaonyesha picha ya ule ubao niliyoipiga kwa simu, nikasema lile neno, nikanyamaza. Wangekubali. Mama Halima asingenipinga, alinitazama kwa namna ya kuniambia hivyo. Nilikaa na wazo hilo siku mbili na lilikuwa tamu.

Walikuja sita, wakaketi juu ya mbao. Nikafungua mdomo nikiwa bado sijajua nitasema kipi. Nikawaambia yote. Pimamaji na mkwaruzo, maana nilijua Kapteni atakuja kusimulia siku moja. Mshale wako. Kwamba dawa uliipata wewe, mimi nilinyanyua jeki. Na mkono wako, na meza, na kwamba huenda hukunifungua kabisa, ulikuwa mgonjwa tu na mimi sikuona.

Niliwangoja wanicheke. Amisi akavua kofia yake, akaitazama ndani. Akasema mwezi mzima kabla ya kufa ulikuwa unapokea kikombe kwa mkono wa kushoto hata msikitini, wewe uliyewagombeza watu wazima kwa kosa hilo, na yeye aliketi karibu nawe akaona akanyamaza, kwa sababu mtu hamwulizi mwalimu wake hivyo. Nilikuwa nimesahau kwamba hata yeye ulimfungua wewe, zamani. Yule mwenye duka la bawaba akasema aliona ukiangusha funguo. Mwingine akasema na yeye. Amisi akaniambia, "Sisi yote naona. Hapana wewe peke yako."

Kisha wakaongea wao kwa wao, na Amisi akatoa neno la mtaa. Kama mwalimu hakupita kwa sababu miguu yake ilikuwa imechoka, desturi haiwezi kumwadhibu mwanafunzi. Nitengeneze mlango, nichague mwenyewe ni upi, na yeye Amisi atapita mahali pako.

Nimeutengeneza. Ni wa karakana hii hii, maana ilikuwa aibu fundi wa mbao kufunga kwa bati lililotoboka. Ni wa mvule, na unateleza ukutani kwa reli na magurudumu, hakuna mwingine wa namna hiyo mtaani, na nilipima kona hadi kona kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Unaning'inia tangu jana. Hakuna aliyepita, na mimi natokea kwa dirisha la nyuma, mwanamke wa umri wangu na sketi yangu, watoto wa mtaa wamepata sinema.

Kesho asubuhi wanakuja. Na hapa ndipo sijielewi kabisa. Nililitaka jambo hili miaka tisa, niliomba kanisani, nililinunia. Amisi alipolitamka nilitaka kumwambia hapana, subiri, tukae kwanza. Kwa sababu mpaka leo mimi ni mwanafunzi wa Swaibu. Mwanafunzi ana mwalimu. Hata akiwa amezikwa, anaye, anamngoja aje apite. Amisi akishapita kesho, nitakuwa fundi Poni, na hakutakuwa na mtu ninayemngoja tena. Niliwatengenezea chai nikiwa nimewageuzia mgongo.

Nitamwacha apite. Sitamzuia. Nitasimama pembeni kama inavyotakiwa, na kwa kuwa najua atapita kwa mbwembwe, nitajitahidi nisicheke.

Nakuahidi jambo moja, na siyo lile ambalo ungelitaka. Ungetaka niahidi sabuni kwenye skrubu. Hilo nitalifanya bila ahadi. Ahadi yangu ni kwamba siku mkono wangu utakapoanza kuangusha bisibisi, nitasema. Nitamwita aliye karibu, hata kama ni mwanafunzi wangu, hata kama nitaona haya, nitauweka mkono juu ya benchi mbele yake na kumwambia, tazama. Sitamwachia mtu mshale nyuma ya ubao.

Mvua imepungua, naona Amisi anafagia mbele ya kibanda chake na anafagia na mbele ya chetu. Kaa salama, Mzee wangu. Mungu wako na wangu akulaze pema. Mimi sitakuandikia tena, maana barua hii nimeiandika nikiwa mwanafunzi wako, na kuanzia kesho sijui fundi anamwambia nini mwalimu wake.

Mtoto wako,
Poni